Ufizi wa Kwetu

Karakana ya meno ya bandia ilikuwa na sinki mbili, moja ya kunawia mikono na nyingine ya kumwagia jasi, unga mweupe wa kufinyangia alama za meno, ambao ukichanganywa na maji huganda kama jiwe. Ile ya jasi iliziba kila wiki, na Fundi aliajiriwa kuizibua. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, hakuwa fundi wa kitu chochote, na jina alilokuwa nalo alipewa na walezi wa nyumba ya watoto, ambako aliachwa akiwa na siku chache tu, amefungwa kwenye taulo lisilo na alama yoyote. Alizibua sinki kwa waya, akafagia vumbi jeupe lililoganda pembeni mwa ukuta, akaambiwa arudi kesho. Alirudi kesho hiyo kwa miaka zaidi ya thelathini.

Mwenye karakana alikuwa mzungu. Mtaa mzima ulimwita Bibi Nta, kwa kuwa kucha zake hazikukosa nta ya kushikizia meno, hata siku za mapumziko. Aliletwa katika nchi ile akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na baba aliyekuja kujenga madaraja na akafia kazini. Nchi iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa haikuwapo tena. Ilikatwa vipande, majina yakabadilishwa, na mji wake ukaangukia upande wa watu ambao lugha yao hakuijua. Alikuwa na mume, akafa. Alikuwa na binti mmoja, akaenda kusoma nchi ya mbali yenye baridi, akaolewa huko, akabaki huko.

Wanawake hawa wawili waliulizwa swali lilelile maisha yao yote: kwenu wapi? Fundi aliulizwa kwa sababu hakuna aliyemjua mama yake. Bibi Nta aliulizwa kwa sababu ya ngozi yake, na kati ya waliomuuliza walikuwamo vijana ambao babu zao walitafuna kwa meno aliyowatengenezea yeye. Kila mmoja alijipatia jibu la kufukuzia wadadisi. Fundi alisema kwao ni penye sinki iliyoziba. Bibi Nta alisema kwao kuliuzwa pamoja na samani.

Mwaka wa kwanza hawakupendana. Bibi Nta alikuwa mkali, mwenye maneno machache, na alimdhania msichana yule kuwa mzito wa kuelewa kwa sababu hakuuliza maswali. Fundi naye hakuuliza kwa sababu katika nyumba ya watoto aliyeuliza sana ndiye aliyepewa kazi ya ziada. Mchana Bibi Nta alikula mezani, Fundi akala kwenye benchi karibu na mlango wa nyuma. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Ilikuwa hivyo tu, kama maji yanavyoujua mtaro.

Kilichowageuza ni mwalimu mmoja mwanamke, mtu wa makamo, aliyerudi karakana mwezi mmoja baada ya kupewa meno yake ya juu. Hayakumuumiza, wala hayakulegea. Lakini alikuwa amerudi akiwa ameufunika mdomo kwa kitambaa, na alipouliza kama yanaweza kubadilishwa hakuweza kusema yana kasoro gani. Bibi Nta aliyatazama akayakuta sawasawa. Akamwambia mwalimu avumilie, atazoea.

Mwalimu alipotoka, Fundi, ambaye alikuwa akisugua sinki, alisema bila kugeuka, "Huyu mama amefanana na mtu aliyeazima mdomo."

"Una maana gani?"

"Ufizi, Bibi. Ni wa waridi. Sisi hatuna ufizi wa waridi."

"Ufizi ni ufizi," alisema Bibi Nta.

Siku mbili hakusema naye. Unga wa kutengenezea ufizi uliagizwa kutoka ng'ambo kwa makopo, na makopo yote yalikuwa na rangi moja, rangi ya midomo ya waliouunda. Bibi Nta alikuwa ameutumia tangu ujana wake bila kuwaza kwamba ulikuwa rangi ya mtu fulani. Siku ya tatu aliweka taa ndogo mezani, akavuta kiti, akamwambia Fundi aketi afungue mdomo. Alimtazama ufizi kwa muda mrefu, akiusogeza mdomo kwa kidole, akiandika. Halafu akampa taa na kioo, akafungua wa kwake, akamwambia naye atazame. Walikaa hivyo karibu nusu saa, magoti yakigusana, kila mmoja akichungulia ndani ya kinywa cha mwenzake. Fundi alisimulia baadaye kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kutazamwa kwa karibu namna hiyo na mtu ambaye hakuwa akimtafuta chawa.

Iliwachukua miezi. Rangi waliyochanganya mara ya kwanza ilitoka kama mkate ulioungua. Ya pili ilikuwa kijivu, ufizi wa maiti. Ni Fundi aliyegundua kwamba kosa lao lilikuwa kutafuta rangi moja. Ufizi wa watu wake ulikuwa na weusi karibu na midomo, wekundu kwenye mizizi ya meno, na mabaka katikati yasiyofuata utaratibu wowote. Alianza kuupanga unga kwa kijiko kidogo, kidogo hapa, kidogo pale, kwa kukisia. Mwalimu aliitwa, akavaa, akasimama mbele ya kioo, akacheka huku mkono ukipanda kufunika mdomo kwa mazoea, ukashuka wenyewe katikati ya njia.

Mchana wa siku ile Bibi Nta alisogeza karatasi zake mezani. Alisema kuna nafasi.

Habari zilienea. Madaktari wa meno wa mji mzima walianza kuleta kazi pale, na wateja walikuwa wakisimama mlangoni wakisema, "Nataka ule ufizi wa kwetu." Kila waliposema hivyo, Bibi Nta alimnong'oneza Fundi, "Wa kwenu wapi?" Na Fundi alijibu, "Kopo la tatu, rafu ya chini."

Kulikuwa na wakati Fundi alitaka kuolewa na karani mmoja wa posta, mtu mpole mwenye baiskeli. Wajomba wa karani walikuja kuuliza, nao walitaka kuongea na watu wa binti. Walimkuta Bibi Nta ameketi sebuleni kwake, amevaa gauni la kijivu, kucha zimesuguliwa. Mjomba mkubwa aliuliza kwa adabu wenye mtoto wako wapi. Bibi Nta akasema, "Mmewafikia." Wajomba walikunywa chai, wakaisifu chai, wakasema wanakwenda kufikiri. Mpaka leo wanafikiri.

Fundi aliosha vikombe, Bibi Nta akavifuta. Baada ya kikombe cha nne Bibi Nta alisema amemharibia. Fundi alisema hapana, wale wangemuuliza kwao kila penye msiba, na misiba ni mingi. Hawakulizungumza tena.

Miaka ilikwenda kama inavyokwenda karakanani, jasi ikimwagwa na kukauka na kuvunjwa. Mikono ya Bibi Nta ilianza kutetemeka. Kwanza aliacha kupanga meno ya mbele, kisha akaacha ya nyuma, halafu akabaki na kazi ya kukaa dirishani na kukosoa. Karakana aliiandikisha kwa jina la Fundi akaendelea kuja kila siku, akishuka kilima kutoka nyumbani kwake, nyumba ya ngazi ishirini na nne ambayo mumewe aliijenga juu ili aone mbali. Fundi alikaa vyumba viwili nyuma ya karakana. Jirani yao wa kushoto alikuwa seremala, mtu wa maneno, na kila Fundi alipopita alimuuliza, "Mzungu wako hajambo?"

"Si wangu."

"Ni wa nani basi? Miaka yote hii unamfuga."

"Mwulize yeye nani anamfuga mwenzake."

Bibi Nta alikuwa na miaka sabini na minane alipoanguka kwenye ngazi. Ilikuwa asubuhi. Alilala pale saa mbili nzima, nyonga ikiwaka moto, mpaka Fundi alipopanda kumtazama na kumkuta. Seremala alimbeba mgongoni hadi barabarani, akisema njiani kwamba mbao anazobeba kila siku ni nzito zaidi na hazilalamiki. Nyonga haikuvunjika, ila ilipata ufa, na tangu hapo Bibi Nta alitembelea fimbo, tena kwa shida.

Binti yake alipopata habari alipiga simu. Alisema anakuja mwezi ujao kwa wiki mbili. Tiketi yake ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ya mama yake ilikuwa ya kwenda tu.

Fundi alipoambiwa, alikuwa akivunja jasi kwa nyundo ndogo. Alimaliza jasi ya kasha lile la shaba, ambamo meno hupikwa, akalisafisha, akafungua linalofuata. Bibi Nta alisema mwenyewe kwamba hataki kwenda. Aliwahi kukaa kwa binti yake miezi mitatu, akikaa dirishani ghorofa ya tisa, na kila asubuhi alikuwa akipiga simu kwa Fundi kuuliza nani amekufa mtaani. Lakini alijua binti anapokuja na tiketi mbili hajaja kuuliza. Na kulikuwa na jambo jingine. Meno yake manne ya mwisho yalikuwa yameng'olewa wiki ile ile, na mdomo ulikuwa umeingia ndani kama mfuko uliofungwa kamba.

"Akinikuta kibogoyo," alisema, "atanifunga kama mzigo."

Kwa hiyo Fundi alimtengenezea meno. Hakukuwa na daktari wala karatasi ya maagizo. Alichukua alama za ufizi wake jikoni, Bibi Nta akijaribu kumwelekeza huku kinywa kimejaa mchanganyiko baridi, hakuna neno lililosikika. Alipanga meno kwenye nta kwa siku tatu. Hakumpa meno meupe ya dukani. Alimpa ya manjano kidogo, moja likipanda juu ya jirani yake, kama alivyokuwa nayo zamani.

Baada ya nta, kazi iliyobaki ni ya kupika. Meno yakishapangwa hufunikwa kwa jasi ndani ya kasha la shaba, nta ikayeyushwa kwa maji ya moto, na mahali pake ukashindiliwa unga wa ufizi uliokandwa kwa maji yake makali. Kasha likishafungwa kwa skrubu huwezi kuona kilichomo. Kwa hiyo karakana ilikuwa na desturi yake. Juu ya jasi, kwa penseli, huandikwa namba ya mteja. Zamani, makasha ya ufizi wa kahawia yalichorewa mstari, kwa kuwa yalikuwa machache. Miaka ilivyopita mambo yaligeuka. Kahawia ikawa ndiyo kawaida isiyohitaji alama, na waridi ndiyo ikawa ya kuchorewa duara. Siku ile kulikuwa na makasha saba. Sita yalikuwa na namba. La saba Fundi hakuliandika chochote, wala namba wala duara, kwa kuwa alijua ni la nani.

Aliyajaza yote saba kwa unga wa kopo la tatu.

Aliligundua kosa kesho yake, jasi ilipopasuka na meno ya Bibi Nta yakatoka na ufizi wa kahawia, wenye weusi kwenye ukingo na mabaka yake, kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule. Aliyashika mkononi. Kabla hajaamua la kufanya, Bibi Nta aliingia na fimbo yake, akakaa, akanyoosha mkono. Alikuwa amekula mkate wa kuloweka kwa wiki tatu. Aliyavaa, akauma, akaomba kioo. Alijitazama kwa muda. Kisha alisema upande wa kushoto umepanda kidogo.

Fundi alipunguza upande wa kushoto. Alidhani macho ya mwenzake, yaliyokuwa na mtoto wa jicho, hayakuona. Aliona haya kusema. Binti alikuwa anafika saa tisa siku hiyo, na hakuna meno yanayopikwa kwa saa tano. Akajiambia atayafanya mengine wiki ijayo, kimyakimya.

Binti alikuwa na miaka hamsini, mmoja pungufu ya Fundi. Lugha ya mtaa ilikuwa imembakia kama alivyoiacha shuleni, hivyo mwanamke mzima mwenye mvi alizungumza kama msichana wa miaka kumi na minane. Alimkumbatia mama yake mlangoni. Bibi Nta alicheka kwa furaha, mdomo wazi. Binti alirudi hatua moja nyuma.

Hakusema kitu mpaka walipokwisha kula, wote watatu, kule juu kwenye nyumba ya ngazi. Bibi Nta alikuwa ameketi kati yao, yu macho kabisa, lakini binti yake alizungumza na Fundi kama watu wanavyozungumza juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Mama ana nini mdomoni?"

"Hana kitu," alisema Fundi.

"Fizi zake zimekuwa nyeusi. Nimeziona. Imeanza lini, na mbona hakuna aliyeniambia? Ndiyo maana nasema hapa hana mtu."

Fundi aliweka sahani chini. "Si fizi zake, dada. Ni meno ya bandia. Niliyatengeneza mimi, nikakosea rangi."

Binti aliuliza inawezekanaje mtu afanye kazi hii miaka thelathini na asijue mama huyu ni wa rangi gani. Aliuliza kama ulikuwa mzaha. Fundi alimweleza habari ya makasha, kopo la tatu na duara ambalo hakulichora, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo. Alimaliza kwa kusema atayafanya upya.

"Niliona," alisema Bibi Nta.

Wote wawili walimgeukia.

"Niliona pale pale nilipoyavaa. Macho yangu mabovu, lakini si kwa kazi niliyoifundisha mwenyewe."

"Na hukusema?" aliuliza Binti.

"Niseme nini? Miaka sabini na miwili niko hapa. Kila anayenitazama huona mzungu kwanza, mimi baadaye, akipata nafasi. Huyu alisahau. Nikaona nikae nayo kidogo kabla hajakumbuka."

Fundi hakupenda kusikia hivyo. Lilikuwa kosa la kazi, na hakutaka lipambwe. "Sikusahau, Bibi. Nilichoka. Makasha yalikuwa saba."

"Sita uliyaandika."

"Ndiyo."

"Langu hukuliandika."

"Nilijua ni lako."

"Basi," alisema Bibi Nta, akaendelea kutafuna.

Binti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesafiri siku moja na nusu, na aliogopa simu ya asubuhi ambayo siku moja ingemwambia kwamba mama yake amelala kwenye ngazi zaidi ya saa mbili. Alisema hayo yote ni mazuri ya kusimuliwa, lakini nani atamwogesha? Nani atamnyanyua? Alieleza kwamba karibu na kwake kuna nyumba ya wazee, safi, ina bustani, ina wauguzi, na mama yake atapata watu wa kukaa nao mchana, yeye akiwa kazini.

"Watu gani?" aliuliza Bibi Nta.

"Wenzako."

"Wenzangu kwa lipi?"

Binti alisogeza bilauri yake, akairudisha. Akasema, "Kwa umri," lakini alikuwa amechelewa, na kila mmoja pale mezani alilisikia neno jingine alilokuwa amekaribia kulitumia.

Fundi alisema yeye ndiye atakayekaa naye. Ngazi hizi hazifai tena, na vyumba vyake viko chini, sakafu moja, maji karibu.

"Lakini wewe ni mfanyakazi wake," alisema Binti. Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anavyosoma maandishi kwenye kopo.

"Karakana ni yangu miaka tisa sasa. Yeye ndiye anayekuja kwangu."

"Basi wewe ni nani wake?"

Fundi aliwaza. Neno rafiki alilipima akaliona dogo, ni la watu wanaotembeleana. Mtoto wake alikuwapo, ameketi hapo mbele yake. Dada si kweli, mlezi si kweli, na maneno mengine aliyoyajua yote yalihitaji damu au ndoa au cheti, naye hakuwahi kuwa na kimojawapo, na mtu yeyote.

"Sijui linaitwaje," alisema. "Lakini asubuhi asiposhuka mpaka saa tatu, mimi ndiye ninayepanda."

Binti aliinuka, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi ya juu kabisa, ambako aliachiwa mpaka alipotaka kurudi.

Haikuamuliwa siku ile. Kwa siku nane Binti alizunguka na bahasha ya tiketi kwenye mkoba. Alishuka karakanani kila asubuhi na mama yake, hatua moja moja, akakaa kwenye benchi karibu na mlango wa nyuma akitazama. Alimwona mama yake akikosoa kila jino lililopangwa, na Fundi akikubali moja kati ya matano. Aliwaona wateja wakimsalimia Bibi Nta kabla ya Fundi. Aliona pia mambo ambayo hayakumpendeza: vumbi, harufu kali ya maji ya ufizi, mama yake akisinzia kitini kinywa wazi mbele za watu. Fundi alimtengenezea Bibi Nta meno mengine, ya waridi, kama alivyoahidi. Yalikaa vizuri. Binti alishukuru. Bibi Nta alisema yanafaa kwa wageni.

Siku ya tisa Binti alimkuta Fundi peke yake kwenye mashine ya kung'arishia. Alisema amefuta tiketi ya mama yake. Alitaja masharti yake: nyumba ya juu ipangishwe, daktari aje kila mwezi, simu isizimwe hata siku moja. Fundi alikubali yote kwa kichwa bila kuinua macho, akizidi kulisukuma jino kwenye gurudumu la mashine. Alikuwa hajalala vizuri kwa mwezi mzima. Hakumwambia mtu, na sasa haikuwa lazima.

Binti hakuondoka. Alisimama akivipanga vipande vya jasi mezani, kama mtoto.

"Na mimi nikija," alisema, "nyumba ikiwa na wapangaji. Nitafikia wapi?"

Fundi alizima mota ya mashine. Kwa mara ya kwanza alimtazama sawasawa, mwanamke huyu wa umri wake ambaye naye pengine huko aliko huulizwa kwao ni wapi kila anapofungua mdomo.

"Kuna godoro," alisema.

Waliondoa kitanda cha Bibi Nta nyumba ya juu siku moja kabla ya Binti kusafiri. Kilikuwa cha mbao nzito na hakikupita mlango wa chumba cha nyuma. Seremala alikipima mara tatu, akatoa maoni yake juu ya wazungu na vitanda, Bibi Nta akatoa maoni yake juu ya maseremala na milango, na mwisho kikabaki mbele, karakanani, kati ya dirisha na sinki ya jasi, ambako kilitakiwa kukaa wiki moja tu mpaka mlango upanuliwe. Mlango haujapanuliwa. Ilidhihirika kwamba pale anaona barabara.

Amekaa hapo mwaka wa tatu huu. Fundi humwogesha asubuhi kabla ya kufungua, na wanagombana juu ya joto la maji. Meno ya waridi huvaa Jumapili, Binti anapopiga simu ya picha. Siku nyingine huvaa yale ya kahawia. Mara mbili Binti amekuja, akalala kwenye godoro, akaondoka na maumivu ya mgongo ambayo huyataja kila simu.

Juzi aliingia mteja mgeni, mzee aliyetumwa na daktari kutoka upande wa pili wa mji, na alipomwona mwanamke wa kizungu amelala kitandani katikati ya karakana, mchana kweupe, mikono juu ya shuka, mota ikipiga kelele kando ya kichwa chake, alivua kofia kama aliyeingia penye msiba. Alimsogelea Fundi akaanza kumnong'oneza shida yake.

"Sema tu kawaida, mzee wangu," Fundi alimwambia, bila kuondoa jino kwenye gurudumu. "Kelele hazimwamshi. Huamka nikizima mota."